Mashine za nyasi zisipelekwe kwenye chuma chakavu

Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie wakuu wa taasisi hapa Tabora. Zile mashine za kukatia nyasi ambazo dereva hukaa juu yake, mnazoletewa kama msaada au kununua mtumba, mnazitelekeza chini ya mwembe, kisha zinapimwa kwa kilo kama chuma chakavu. Nyingi hazijafa.

Juzi nilipewa moja bure, injini Briggs & Stratton, eti "imenoki". Nilipofungua bakuli la kabureta nikakuta utando wa njano unaonata: petroli iliyolala kiangazi kizima. Nikazibua jeti, kile kitundu kinachopitisha petroli, kwa uzi mmoja wa waya wa shaba, nikabadili plagi na oili, ikanguruma. Sahani ya juu ya kisu ilikuwa imeliwa na kutu, nikachomelea kiraka. Matairi nikayatia tyubu, maana miiba ya huku haina huruma.

Ila mafundi wenzangu, hapa tugombane kidogo. Chini ya kiti kuna swichi inayozima injini dereva akinyanyuka kisu kikiwa kinazunguka. Nimekuta mashine nyingi zimeungwa waya moja kwa moja bila kupitia swichi hiyo, "isisumbue". Kijana anayeiendesha akiteleza kwenye majani mabichi, nani atakizima? Swichi ikiharibika, badilisheni. Na kabla ya kugusa kisu, chomoeni waya wa plagi.

Wakuu, kabla ya kuita wapima vyuma, bandikeni tangazo getini tuje tuzione. Nanyi wauza spea, leteni beliti. Mimi bado naagiza Dar es Salaam.

Fundi wa Ipuli,
Tabora