Mashine mpya za pinboli zipimwe kwa mwendo wa gololi

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu limeanza kutangaza mashine mpya za pinboli zinazotoka viwandani Marekani, na sisi wachezaji tumelifurahia jambo hilo. Ila kila habari huishia palepale: mashine ni ya filamu gani, imechorwa nini, bei ni dola ngapi. Mchezaji anayeujua mchezo huu huyaangalia hayo mwisho. Tunaomba nafasi tueleze anayoanza nayo.

Kwa asiyeijua, pinboli ni sanduku la miguu minne lenye ubao ulioinama, na juu ya ubao kuna kioo. Gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi hushuka kumwelekea mchezaji, naye huirudisha juu kwa flipa mbili, yaani mikono midogo inayopigwa kwa vitufe vya ubavuni mwa sanduku, kila moja ikiwa na urefu wa inchi 3. Flipa ziliingia mwaka 1947 kwenye mashine ya kampuni ya Gottlieb iitwayo Humpty Dumpty, na tangu hapo mbunifu ana maswali mawili ya kujibu: gololi ikipigwa iende wapi, na ikishafika irudi kwa njia gani. Wengi hulijibu la kwanza. La pili ndilo gumu, na hapo ndipo mashine nzuri inapoachana na mashine yenye sura nzuri tu.

Tuchukue Medieval Madness, kazi ya mbunifu Brian Eddy iliyotolewa na kampuni ya Williams mwaka 1997, ambayo kampuni ya Chicago Gaming ilianza kuiunda upya mwaka 2015. Katikati kabisa ya ubao kuna ngome. Unaipiga daraja la mbele mpaka lishuke, kisha unapiga lango mpaka lifunguke, kisha unaiingiza gololi ndani. Kila mtu anaiona shabaha hiyo, hata mtoto. Hatari yake ni kwamba gololi ikigonga lango sawasawa hurudi moja kwa moja katikati ya flipa mbili, mahali ambapo flipa hazifiki. Hivyo mchezaji hujifunza kuituliza kwanza gololi kwenye flipa, kisha kulipiga lango kwa pembe kidogo ili irudi upande mmoja. Shabaha moja tu, inaeleweka kwa sekunde tano na bado inakutaka uwe fundi. Huo ndio ubunifu tunaousifu, na ndio maana mashine hiyo ilifufuliwa miaka 18 baadaye.

Wabunifu hawafanani. Steve Ritchie anajulikana kwa mashine za kasi, ambapo gololi inayotoka kwenye rampu moja (njia ya mteremko iliyoinuliwa juu ya ubao) hufika kwenye flipa ikiwa tayari kupigwa tena bila kusimama. Pat Lawlor hupenda kuisimamisha: iingie shimoni, ishikwe na sumaku, itupwe upande usioutegemea. The Addams Family yake ya mwaka 1992 ina sumaku chini ya ubao zinazoipotosha gololi, nayo iliuzwa mashine 20,270. Mitindo yote miwili ni halali. Kosa ni kuilaumu mashine ya Lawlor kwamba haina kasi, au kuisifu mashine ya kasi wakati gololi inazunguka tu bila mchezaji kuamua lolote.

Kwa kazi za karibuni, Godzilla ya kampuni ya Stern, ya mwaka 2021, ndiyo hutajwa sana, na ina haki. Mbunifu wake, Keith Elwin, alikuwa bingwa wa mashindano kabla hajaanza kubuni, na inaonekana: karibu kila njia ukiifikia inakuweka tayari kwa njia nyingine. Hapa ndipo magazeti yanapowapoteza wanunuzi. Stern huuza mashine zake nyingi kwa matoleo matatu, Pro, Premium na LE (toleo la idadi maalumu), na tofauti ya bei ni maelfu ya dola. Jengo la Godzilla linaloporomoka ghorofa kwa ghorofa liko kwenye Premium na LE, haliko kwenye Pro. Anayesoma sifa za jengo hilo kisha akaagiza Pro ataletewa kitu kingine. Hata hivyo njia kuu za gololi ni karibu zilezile, na wapo wachezaji hodari wanaoipenda Pro kwa kuwa ina sehemu chache za kukwama. Mwandishi asiyetaja alicheza toleo gani hajatusaidia kitu.

Sasa upimaji wenyewe. Kabla ya kutoa hukumu, hakikisha mashine imesimama vizuri. Weka pima maji kwa upana kwenye ubao wenyewe, karibu na flipa, kisha zungusha skrubu za miguu mpaka pande mbili ziwe sawa. Mwinamo wa mbele uwe digrii 6.5 hivi. Ukipima kwa simu, ilaze juu ya ubao, usiilaze juu ya kioo, kwa sababu kioo na ubao havina mwinamo mmoja. Mwinamo ukiwa mdogo gololi inaelea na rampu zinakuwa rahisi mno. Ukizidi, gololi inashuka kwa kasi na rampu zinakataa. Maoni mengi makali tunayosikia juu ya mashine mpya ni maoni juu ya miguu isiyosawazishwa.

Ukiruhusiwa na mwenye mashine, toa kioo. Fungua mlango wa sarafu, vuta komeo la ndani, inua upau wa chuma wa mbele, kisha telezesha kioo kije kwako. Kisimamishe juu ya zulia au mbao. Kikigusa vigae au saruji kwa ukingo kinaweza kupasuka chote kwa mara moja. Kwenye mashine nyingi za kisasa kufungua mlango hukata umeme wa koili, yaani nyaya za sumaku-umeme zinazosukuma flipa na sehemu nyingine, kwa hiyo flipa hazitakushtua. Halafu ishushe gololi kwa mkono kwenye kila njia, mara kumi kila njia, ukitazama inafika wapi. Njia ya rampu ikiifikisha kwenye flipa mara kumi, sawa. Ikitetemeka kwenye reli na kuangukia njia ya nje, ile ya pembeni inayoipoteza gololi, mara tatu, kuna kasoro, na sasa unatafuta kama ni ya mbunifu au ya fundi aliyeifunga.

Mara nyingi ni ya fundi. Rampu ikikataa gololi, angalia ulimi wa bati mlangoni pake: ukiinuka hata unene wa karatasi chache, gololi hurushwa hewani na kupoteza nguvu. Kama ulimi umelala vizuri na flipa zina nguvu ya kutosha, lakini pigo safi bado linarudi, basi rampu ni kali mno, na hilo ni la mbunifu. Shimo linalotema gololi katikati ya flipa hurekebishwa mara nyingi kwa kupunguza nguvu ya koili kwenye menyu au kunyoosha mwongozo wake kidogo. Likikataa marekebisho yote, liandikwe. Na msisahau timazi la tilti, kile kichuma kinachoning'inia ndani ya pete ili kuadhibu anayetikisa mashine. Kikipandishwa au kushushwa kwenye kijiti chake, pengo linabadilika, na mashine ileile inakuwa ya huruma au ya ukatili.

Ubao nao utazamwe. Vidoa vya kubonyea havina haja ya kumtisha mtu: ubao ni plaiwudi, gololi ni chuma, lazima vitokee, na vikishakuwa vingi havionekani sana. Vanishi ndiyo ya kuwa nayo macho. Nguzo ndogo zilizofungwa ubaoni zikikazwa mno kabla haijakauka vizuri, vanishi hujikunja kuzizunguka na baadaye kubanduka pamoja na rangi. Angalia nguzo zilizo karibu na manati mbili juu ya flipa, zile pembetatu za mpira zinazoirusha gololi ikizigusa, na kingo za mashimo, maana huko ndiko gololi inakogonga zaidi. Kinga za chuma za kufunika kingo hizo zinauzwa, na ni bora ziwekwe kabla ya mchezo wa kwanza.

Baki sheria za mchezo, zinazoendeshwa na programu. Swali letu ni moja: je, kuna pigo moja ambalo ukilirudia bila kukoma linashinda kila kitu? Kama lipo, wachezaji wa mashindano watalipata mapema, na rampu nyingine zote zitabaki mapambo. Sheria nzuri hukulazimisha kuchagua: kuanzisha mipira mingi, yaani gololi kadhaa kwa pamoja, sasa hivi, au kusubiri uiunganishe na kazi nyingine upate pointi nyingi zaidi huku ukihatarisha gololi moja uliyo nayo. Na urefu wa sheria si sifa. Pulp Fiction ya Chicago Gaming, ya mwaka 2023, imetengenezwa kwa mtindo wa miaka ya 1980, ikionyesha pointi kwa herufi na tarakimu za taa badala ya skrini kubwa ya video, na watu wanasimama mbele yake kwa saa nyingi.

Tatizo ni kwamba mashine nyingi hutoka kiwandani programu haijakamilika, na nambari yake huanza na sifuri. Miezi baadaye huja matoleo mapya kwa intaneti au kwa kidude cha USB, na mashine iliyoonekana tupu inajaa. Kuihukumu sheria kwa programu ya wiki ya kwanza ni kumwonea mbunifu. Kuisifu kwa ahadi za kampuni ni kumwonea mnunuzi, na huyu ndiye aliyetoa zaidi ya dola 6,000.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi letu ni dogo. Kila mnapoandika juu ya mashine mpya, wekeni mistari minne chini ya habari: toleo lililochezwa, nambari ya programu kama inavyoonekana kwenye skrini inapowaka, mwinamo wa ubao, na kama mwandishi aliicheza mwenyewe au aliona video ya kampuni. Ya mwisho iwekwe hata kama jibu ni video.

Wasomaji wenu, wapenzi wa pinboli,
Chicago, Illinois