Kabla hamjamlipa mpelelezi

Ndugu zangu, habari za jioni. Wiki hii watatu wameniuliza faragha kuhusu kumwajiri mpelelezi binafsi amtafute mpendwa aliyepotea, kwa hiyo naandika hapa tusomee pamoja.

Polisi kwanza, tafadhali. Chukueni nambari ya taarifa, mpelelezi makini ataiulizia. Waulizeni pia kuhusu notisi ya njano ya Interpol, yaani tangazo la kutafuta mtu aliyepotea linalosambazwa kwa polisi wa nchi mbalimbali, kama mnahisi mpendwa wenu amevuka mpaka. Na waliopotezana kwa vita, maafa au uhamiaji, Msalaba Mwekundu hutafuta bila malipo.

Sasa huyo mpelelezi. Hana mamlaka ya polisi. Akiwaahidi rekodi za simu au taarifa za benki za mtu, mwacheni, maana hizo hazipati kwa njia halali. Kazi yake halisi ni ya miguu: kuhoji majirani, kupekua kumbukumbu zilizo wazi kwa umma, kurudia njia ya mwisho. Daini leseni pale sheria inapoitaka, andikianeni mkataba wenye kikomo cha gharama, na msilipe zote mapema. Anayesema "nitampata kwa hakika" anauza machozi yenu.

Alama moja ya mwilini mwa aliyepotea msiitangaze popote. Ndiyo itakayowaumbua matapeli watakaopiga simu wakidai wanaye.

Jambo gumu: mtu mzima akipatikana anaweza kukataa anwani yake itolewe. Ulizeni mapema mtaletewa nini ikiwa hivyo. Kujua tu kwamba yu hai, mimi naona ni kikubwa.

Anayetaka tusome mkataba wake pamoja, anitumie usiku wowote.