Wanafunzi wa madarasa ya kati wafundishwe muktadha wa historia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo ambalo nimelishuhudia mwaka baada ya mwaka katika kazi yangu ya kufundisha historia kwa watoto wenye umri wa miaka 11 hadi 14. Kila tunapofika kwenye Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, nikaeleza kwamba wapiganaji walipewa maji ya dawa wakiamini kuwa yangezuia risasi za Wajerumani zisiwadhuru, mkono mmoja huinuka darasani, na swali huwa lilelile: "Mwalimu, kwa nini watu wale walikuwa wajinga kiasi hicho?"

Mtoto anayeuliza hivyo hajakosa adabu. Anapima mambo ya zamani kwa kipimo pekee alichonacho, yaani yale anayoyajua yeye leo, na hakuna aliyemwonyesha kipimo kingine. Kwa miaka mingi nilimjibu kwamba watu wa zamani waliamini mambo mengi ya ajabu, kisha nikaendelea kuandika ubaoni sababu tano za vita na matokeo yake matano. Naungama kwamba jibu langu lilikuwa baya kuliko kunyamaza, kwa sababu lilimthibitishia kuwa babu zake walikuwa watu wenye akili pungufu.

Siku hizi natumia vipindi viwili vizima kwa swali hilo moja. Tunaanza kwa kujiuliza mtu aliyeishi katika vilima vya Umatumbi, kusini mashariki mwa Tanzania ya leo, mwezi Julai 1905, wakati miche ya pamba ilipong'olewa na vita vikaanza, alikuwa amepitia nini na alijua nini. Alidaiwa kodi ya nyumba iliyoanzishwa mwaka 1898. Alilazimishwa kulima pamba katika shamba ambalo si lake, chini ya usimamizi wa akida, yaani ofisa aliyewekwa na Wajerumani, na viboko vyake, kwa malipo duni mno, huku shamba lake mwenyewe likingoja. Alikuwa na habari kwamba wale waliopigana na Wajerumani kila jamii peke yake walishindwa mmoja baada ya mwingine, hata Wahehe wa Mkwawa ambao upinzani wao ulidumu hadi mwaka 1898. Alijua pia kwamba dawa ya vita ni jambo la kawaida, linalosimamiwa na waganga wanaoheshimika, na kwamba Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na jirani zao hawakuwa na mtawala mmoja ambaye angeweza kuwaita wote kwa pamoja. Ndipo tunamleta Kinjeketile, mganga wa Ngarambe aliyegawa dawa ile, na maji yake. Ninapofika hapo huwa sihitaji tena kueleza sana, maana wanafunzi wenyewe huanza kuona kwamba maji yale yalikuwa pia kiapo, na kwamba yaliwafunga pamoja watu ambao hapo awali hawakuwahi kupigana bega kwa bega. Wanaendelea kujua, na ni lazima wajue, kwamba maji hayakuzuia risasi, kwamba bunduki za rashasha ziliwaua wengi mbele ya boma la Mahenge, na kwamba njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto iliua watu wengi zaidi kuliko risasi. Hata hivyo neno "wajinga" halisikiki tena darasani.

Hiyo ndiyo maana ya muktadha wa kihistoria ninayoitetea hapa, na nasikitika kuona jinsi neno hilo linavyopunguzwa thamani katika vitabu vingi vya ngazi hii, ambamo muktadha ni aya moja ya utangulizi yenye tarehe na majina, inayosomwa haraka ili somo lenyewe lianze. Muktadha ni mambo ambayo watu wa wakati fulani waliyajua, waliyaogopa, waliyatarajia, na hasa yale ambayo hawakuwa na njia yoyote ya kuyajua. Mwanafunzi anayesoma habari za tauni iliyoenea Ulaya kati ya mwaka 1347 na 1351 huuliza kwa nini watu hawakufikiria kuangamiza panya. Akielezwa kwamba bakteria wa tauni aligunduliwa mwaka 1894, na kwamba mwaka 1348 mabingwa wa tiba wa Chuo Kikuu cha Paris waliandika kuwa chanzo chake ni mkutano wa sayari angani na hewa iliyochafuka, ataelewa kwamba watu wale walifikiri kwa bidii kubwa kwa kutumia elimu waliyokuwa nayo. Hata ramani inahitaji uangalifu huo: tukimchorea mtoto mipaka ya leo juu ya karne ambayo mipaka hiyo haikuwepo, tumempotosha kabla hatujafungua kinywa.

Jambo la pili ambalo watoto wa umri huu wanaliweza, ingawa wengi hudhani ni la vyuo vikuu, ni kuuliza maandishi yametoka kwa nani. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, lakini kitabu cha safari zake kilikamilika mwaka 1355, alipomsimulia mwandishi mwingine kwa agizo la sultani wa Moroko. Nikiwaambia wanafunzi kwamba msafiri huyo alikuwa mwanasheria wa Kiislamu, wanatambua mara moja kwa nini anasifu ucha Mungu na ukarimu wa sultani wa Kilwa, na wanaanza kujiuliza ni mambo gani ya mji ule ambayo huenda hakuyatazama, au alikuwa ameshayasahau baada ya miaka 24. Ndivyo ilivyo kwa Maji Maji pia. Zipo taarifa za maofisa wa Kijerumani waliotakiwa kujieleza kwa wakubwa wao, na yapo masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968, zaidi ya miaka 60 baada ya vita. Kila upande una jambo unaloliona na jambo linalouponyoka, na mtoto wa miaka 13 akiwekewa maandishi hayo mawili mezani hana shida kuligundua hilo.

Baadhi ya wazazi wameniambia kwamba wanaogopa muktadha utageuka kuwa utetezi wa maovu, kwamba mtoto akielezwa fikra za zama za utumwa atahitimisha kuwa wafanyabiashara wa watumwa hawakuwa na hatia kwa kuwa kila mtu aliona jambo hilo ni la kawaida. Hofu hiyo ni ya haki, na naichukulia kwa uzito. Lakini muktadha ukifundishwa kwa ukamilifu unaivunja hoja hiyo. Mwaka 1789 Ufaransa ilitangaza kwamba watu huzaliwa huru na wenye haki sawa, huku ikiendelea kumiliki watumwa katika koloni lake la Saint-Domingue, huko Karibiani. Mwaka 1791 watumwa hao wakaasi, mwaka 1794 Ufaransa ikafuta utumwa, mwaka 1802 Napoleon akaurejesha, na mwaka 1804 watu wa koloni lile wakaunda taifa la Haiti. Mtu anayesema kwamba wakati ule kila mtu aliukubali utumwa amewasahau watumwa wenyewe, kana kwamba wao hawakuwa watu wa zama hizo na hawakuwa na maoni. Mtoto anayejua mfuatano huo anajua pia kwamba waliochagua ubaya walikuwa na njia nyingine mbele yao, na waliiona.

Kinachotukwamisha ni mitihani. Mwalimu hawezi kulaumiwa kwa kukimbiza mada 20 kwa mwaka ikiwa maswali yote yanadai orodha, na mwanafunzi anayekariri orodha anapata alama zilezile na yule aliyeelewa, pengine hata zaidi. Nawaomba watunga mitihani wa ngazi hii waweke katika kila karatasi walau swali moja lenye dondoo fupi ya maandishi ya kale, lionyeshe nani aliandika na mwaka gani, kisha wamtake mwanafunzi aeleze kwa nini mwandishi huyo aliona mambo alivyoyaona. Mada chache zipunguzwe ili nafasi ipatikane; mimi binafsi ningekuwa tayari kuacha nusu ya orodha za wafalme na vita vyao.

Nawe, Mhariri, nina ombi dogo kwako. Gazeti lako linapoadhimisha matukio ya kihistoria, tafadhali chapisha pamoja na makala kipande cha maandishi au masimulizi ya wakati wenyewe, pamoja na jina la mwenye maneno na tarehe yake. Nitakikata na kukipeleka darasani asubuhi inayofuata.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa historia