Mjomba, Pijo Yako Ilikuwa ya Hapa

Mjomba, shikamoo.

Siku ya Idd ulisema barazani kwamba Kenya haijawahi kutengeneza gari, ati tulikuwa tukikaza nati za Wafaransa tu. Nilinyamaza kwa kuwa wazee walikuwapo. Lakini neno lile limenikaa rohoni, na kwa vile wengi wanalisema, nakujibu hapa hadharani.

Pijo yako 504, yaani Peugeot ya Wafaransa, ile ya abiria saba uliyopigia ruti ya Malindi, iliunganishwa hapa hapa Mombasa. Kweli, injini na mabati ya bodi yalishuka bandarini Kilindini ndani ya makreti. Lakini serikali ya wakati ule iliwabana waunganishaji wanunue vipuri vya nchini, kwa hiyo betri, springi, rejeta, vioo na vitambaa vya viti vilitafutwa kwenye viwanda vyetu. Nyuma ya kila nati iliyokazwa Mombasa alikuwapo fundi mwengine aliyekunja springi, na mwengine aliyeshona kiti.

Na tulidumu. Ufaransa iliacha kuunda saluni ya 504 mwaka 1983. Sisi tuliendelea kuiunganisha hadi 2004, gari kama 27,000 kwa jumla. Wenzetu wa Nigeria walifika 2006. Ilitakiwa huku kwa sababu ilizivumilia barabara zetu. Ilitwaa mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1975, ikarudia 1978. Hayo unayajua kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyenisimulia.

Halafu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wakishinikiza, mlango wa kuagiza magari ulifunguliwa. Meli zikaleta mitumba ya Japani, mengine yakipitia Dubai. Gari jipya la kuunganishwa hapa lingeshindana vipi na Corolla iliyokwishatumika huko, tena kwa bei ya chini mno? Wewe mwenyewe uliuza Pijo ukanunua Nissan ya mtumba, abiria kumi na wanne badala ya saba. Sikulaumu hata kidogo, Nissan hiyo ndiyo iliyonilipia karo. Ila usiseme kilichopotea hakikuwapo.

Tena kiwanda cha magari hakianguki peke yake. Mwaka 2016 hata kiwanda cha matairi cha Nairobi, kilichoanza kikiitwa Firestone, kiliacha kutengeneza matairi. Mwaka uliofuata Peugeot ilirudi, safari hii Thika, kuunganisha magari yake mapya ya 508 na 3008. Niliposikia nilifurahi sana. Nilipozitazama nikasononeka, kwa kuwa dereva wa ruti ya Malindi hatamudu hata moja.

Unamkumbuka jirani yako wa Changamwe, yule fundi wa rangi wa kiwandani? Alikuwa akipitisha kidole kwenye bodi akajua, bila kuangalia, kama msasa umepigwa sawasawa. Kazi ilipokwisha alipaka rangi milango na mageti ya watu hadi macho yakamshinda. Mwanawe hakuirithi kazi ile. Angejifunzia wapi?

Mzee bado yuko hai. Nakuomba, kabla ya Idd ijayo, upite kwake, ukae naye, umuulize kazi yake ilikuwa kazi gani.

Mpwa wako