Mwanangu, mshahara usikubadilishe macho

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Sote hatujambo, na shangazi yako anaendelea vizuri na dawa.

Yale uliyosema kwenye simu hayajanitoka: kwamba maskini wengi wa Dar es Salaam ni wavivu, maana kila mtu kapewa saa 24 zilezile. Ulipokuwa ukizunguka na bahasha ya vyeti ulikuwa unaniambia nchi hii ina wenyewe. Kati ya maneno hayo mawili sioni kilichobadilika zaidi ya mshahara wako.

Wala hauko peke yako. Mwaka 1981 familia zipatazo 1,800 zilivamia ardhi tupu San Francisco Solano, pembezoni mwa Buenos Aires, Argentina, zikajenga na kuishi kama majirani. Baadaye serikali ikaamua kuwafidia wenye ardhi ili wavamizi wapewe hati. Baadhi ya wenye ardhi wakapokea fidia, wengine wakaenda mahakamani. Basi huyu akapata hati, jirani yake akakosa, na hakuna kati yao aliyemzidi mwenzake bidii. Watafiti Di Tella, Galiani na Schargrodsky waliwahoji miaka mingi baadaye, wakachapisha matokeo mwaka 2007: waliopata hati ndio walioelekea zaidi kuamini kwamba mtu anaweza kufanikiwa peke yake, bila kubebwa na kundi. Hili linaniumiza moyo, mwanangu. Imani hiyo waliipata kwa sababu mtu wasiyemjua alikubali fidia!

Hapa kwetu Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha au kupokea mishahara miwili. Masharti hayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, lakini mimi bado naona yalikuwa na busara. Anayeishi kwa kodi za wapangaji humsikia mpangaji kwa shida sana.

Mtazame mlinzi wa getini kwenu. Anaingia saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi, kisha anapanda daladala mbili hadi Chamazi. Katika zile saa 24 zake, za kujiendeleza ni zipi?

Ulijituma, nami ni shahidi. Ila ada ya kidato cha tano shangazi yako aliikopa kwenye kikoba, na chuo ulisoma kwa mkopo wa serikali. Wapo wenzako wa darasani waliojituma vilevile, wakaishia pale ada ilipoishia.

Na hili la dada wa kazi. Alipoomba nyongeza ulisema ni tamaa. Wewe ulipoomba yako kazini uliniambia ni haki yako, na mimi nilikuunga mkono. Mwongeze mwezi huu huu, umwandikishe na NSSF. Nikija Desemba nitamwuliza mwenyewe.

Baba yako