Maziwe haiendwi kwa picha ya gazeti

Mhariri,

Ile makala ya Pangani mmeirudia tena Jumapili iliyopita, ukurasa uleule wa utalii, na picha ni ileile ya Maziwe: mchanga mweupe katikati ya bahari, anga safi, hakuna hata mtu. Ilipotoka mara ya kwanza nilinyamaza. Nimenyamaza miaka mitatu. Safari hii nimeshindwa, kwa sababu gharama ya makala hiyo nilishailipa mimi na wageni wangu, na sitaki mwingine aje kuilipa.

Mwandishi wenu anawaambia watu Maziwe ni kisiwa cha kupumzikia, mtu aende na familia ashinde huko siku nzima. Ashinde wapi? Sisi wenyeji tunajua kwamba Maziwe ilikuwa kisiwa zamani. Nilipokuwa msichana kulikuwa na mivinje, wavuvi wakipumzika kivulini na kupika, na kasa wakipanda usiku kutaga. Mwaka 1975 serikali ikaitangaza kuwa hifadhi. Haikupita miaka mingi bahari ikala mchanga, miti ikaanguka, mpaka usibaki hata mmoja. Wapo wanaosema miti ilikatwa ndipo mchanga ukakosa wa kuushika, na wapo wanaosema ni bahari yenyewe iliyobadilika. Lililobaki leo ni fungu la mchanga. Maji yakipwa linaonekana, yakijaa linafunikwa. Kasa bado wanapanda palepale walipozoea, na mayai yasipohamishwa kwenda kufukiwa upya ufukweni Ushongo, maji ya chumvi yanayaharibu. Hilo peke yake lingetosha kuwa makala, nalo hamkuliandika.

Kijana wangu ameoa Singida. Desemba ya mwaka ule makala ilipotoka mara ya kwanza, wakwe zangu walikuja kututembelea, watu saba, na kati yao alikuwamo mama yake mkwe mwenzangu, bibi wa zaidi ya miaka sabini ambaye hakuwahi kuiona bahari maishani mwake. Mkwe mwenzangu alikuja na kipande cha gazeti lenu amekikunja ndani ya mkoba. Nikamwambia, "Mkwe, huko hatwendi kwa gazeti, tunakwenda kwa maji." Lakini wageni wametoka mbali, na siku ya safari asubuhi nilikuwa na msiba wa jirani, sikuweza kuondoka kabla ya maziko. Kijana aliyetuuzia safari akatuhakikishia kwamba saa yoyote ni sawa. Kibandani kwake alikuwa amebandika ukutani kipande kilekile cha gazeti lenu, na akatuonyesha kwa kidole.

Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Mtoto yeyote wa pwani anajua kwamba bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri. Nilijua. Nikajiambia mashine ina nguvu, tutawahi kwenda na kurudi. Kosa hilo ni langu na ninalikubali. Tulishuka pale saa saba na dakika chache, fungu limebaki kama kiwanja cha mpira cha shule ya msingi. Boti ikatuacha, ikaenda kuchukua wateja wengine Ushongo. Tukatandika mkeka, tukafungua wali na samaki. Hatujamaliza kula, pembe moja ya mkeka ikaloa. Tukausogeza. Baada ya muda mfupi tukausogeza tena, safari hii na sahani mkononi. Bibi alikuwa amekaa chini ya mwamvuli wangu mweusi, kivuli pekee kilichokuwapo pale, anatazama maji yanavyokuja kutoka pande zote kwa pamoja. Akasema neno kwa Kinyaturu. Mjukuu wake akanitafsiria: anauliza, haya maji yakija yote, sisi tunakwenda wapi? Mimi mwenyeji, mwalimu niliyesomesha watoto wa mji huu zaidi ya miaka thelathini, sikuwa na la kumjibu. Ilipokaribia saa tisa hapakuwa tena na pa kukaa. Maji yakafika vifundoni, halafu kwenye ugoko. Watoto tukawapandisha mabegani. Bibi alishikwa na wanaume wawili, huku na huku, khanga imemshika miguuni, na patipati zake nikaziona zinaelea zikienda zake. Mkwe mwenzangu hakusema kitu. Alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, anaomba. Boti ilipotokea tulikuwa tumesimama majini kama robo saa, katikati ya bahari, kilomita nyingi kutoka nchi kavu, na aliyetuleta akashangaa kwa nini tumekasirika. Hakufa mtu, na ndiyo maana haikuwa habari. Lakini bibi yule alirudi kwao Singida na hiyo ndiyo bahari aliyoijua, na alifariki mwaka uliofuata bila kuja tena Pangani.

Nikishaanza, acha niseme na la pili. Makala imeuita mji wetu mji uliolala. Kila anayekuja na kamera anaandika hivyo. Njooni alfajiri mashua zinapoingia, muone mnada wa samaki. Simameni kivukoni asubuhi muwaone watu wa Bweni, ng'ambo ya mto, wanavyovuka na baiskeli, kuku, mikungu ya ndizi na watoto wa shule. Mji usio na hoteli kubwa si mji uliolala.

Boma nalo mmeliita Boma la Wajerumani. Jengo lile linahesabiwa kuwa la mwaka 1810, na Mjerumani alilikuta limesimama na milango yake ya kuchonga. Wajerumani walikuja kuushika mji Agosti 1888, Sultani wa Zanzibar alipokwisha kuwakodisha pwani, na wakala wao Emil von Zelewski alipotaka kupandisha bendera ya kampuni yao ya Afrika Mashariki, watu wa Pangani walimkatalia, wakamzuia ndani ya nyumba. Ni hapa, mhariri. Vita vile vilivyowaka Mrima yote, pwani hii ya bara, vilianzia katika mji huu mnaosema umelala. Abushiri bin Salim, aliyeviongoza, alikuwa na shamba la miwa huku kwetu, na Desemba 15, 1889 wakamnyonga hapahapa Pangani. Mwandishi wenu amempa sentensi moja, na ndani yake amemwita mfanyabiashara Mwarabu, basi. Sisemi alikuwa malaika. Miwa ile ya kando ya mto ilikatwa na watumwa, na humu mjini wamo wajukuu wa watumwa hao pamoja na wajukuu wa mabwana zao, wanaswali safu moja. Mgeni aambiwe yote mawili. Nilipokuwa nafundisha darasa la tano sikuwasomea watoto kitabuni tu, niliwatoa nje tukatembea kwa miguu, kutoka Boma mpaka mtoni, kisha mtaa wa maduka ya zamani ya Wahindi wenye vibaraza vya mbao, na kila nyumba nikawauliza ilikuwa ya nani na nani aliijenga. Baadhi ya nyumba hizo zimeshaanguka. Nyingine zimebaki kuta na mti umeota ndani. Hizo ndizo za kuandikwa zikiwa bado zimesimama.

Halafu Tongoni, mliyoiandika kana kwamba iko hapa mjini. Magofu yale na makaburi yake ni ya heshima kubwa, lakini kwa njia ni karibu na Tanga kuliko kwetu. Mgeni aliyesoma makala yenu anafika hapa, anauliza Tongoni iko mtaa gani.

Barabara ya kutoka Bagamoyo kupitia Saadani na daraja la mto wetu zikikamilika, watakuja wengi zaidi, na wengi watakuwa watu wa bara kama wakwe zangu, ambao hawana sababu ya kujua bamvua wala maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo tu. Ndiyo maana nataka kitu kimoja tu, na nimekifikiria vizuri. Nataka ubao mweusi wa shule, futi nne kwa sita, usimamishwe pale watu wanapopandia boti, chini ya kipaa kidogo mvua isiufute. Kila asubuhi uandikwe kwa chaki: leo mwezi ni tarehe ngapi, maji yanapwa saa ngapi, yanajaa saa ngapi, na boti ya mwisho kuondoka Maziwe ni saa ngapi. Chini yake kwa rangi isiyofutika iandikwe kwamba Maziwe hufunikwa na maji, na kwamba boti iliyopeleka watu isiwaache kule hata dakika moja. Wasiulizwe wa ofisini hizo saa. Waulizwe manahodha wazee wanaokaa chini ya mti wa mkungu pale ufukweni, wanazijua bila kitabu.

Na ninyi, kama mtairudisha makala ile mara ya tatu, chini ya picha wekeni saa ambayo picha ilipigwa.

Ubao nimeshamwuliza fundi seremala, anaweza kuumaliza kwa wiki moja. Chaki nitanunua mimi, na nitakwenda kuandika mwenyewe kila siku baada ya swala ya alfajiri, mpaka apatikane kijana wa kunipokea.

Mwalimu mstaafu,
Pangani