Barua kwa mwanangu: Alikutazama, huenda hakukuona

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali. Barua yako nimeipata. Unasema rafiki yako alikutazama usoni mchana kweupe, ukampungia mkono, naye akakupita kana kwamba hakujui, na tangu siku hiyo humsemeshi. Najua limekuuma. Lakini kabla hujakata shauri kwamba alikudharau, nataka ujue jinsi macho na akili vinavyofanya kazi, kwa sababu naona umemtwika mwenzako kosa ambalo huenda hakulitenda.

Tuanze na jicho lako mwenyewe. Chukua karatasi nyeupe, chora msalaba mdogo upande wa kushoto na doti nyeusi upande wa kulia, ziachane sentimita 8 hivi. Funga jicho la kushoto. La kulia likazie msalaba tu, doti usiifuate. Sasa isogeze karatasi taratibu kuja usoni. Ikifika kama sentimita 30 kutoka jichoni, doti itatoweka. Usiwe na haraka, maana mwanzoni jicho hukataa kutulia. Ukishafaulu, piga mstari mrefu unaopita katikati ya ile doti, kisha urudie. Doti itapotea tena, lakini mstari utauona mzima, umenyooka, hauna pengo.

Nyuma ya jicho pana utando unaopokea mwanga, unaitwa retina. Pale neva ya jicho inapotokea kwenda ubongoni, utando huo hauna seli hata moja ya kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte aliligundua hilo katika miaka ya 1660. Kila jicho la binadamu lina pengo hilo, nawe umeishi nalo tangu kuzaliwa bila kulihisi, kwa kuwa ubongo hauachi tundu wazi. Hupeleleza kilichopo kandokando, ukakisia kilichokosekana. Kinachonishangaza mimi si doti kupotea. Ni ule mstari. Kipande cha katikati jicho halikukuletea, na bado umekiona.

Wenye hekima walilijua jambo hili zamani. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliandika miaka 1000 hivi iliyopita kwamba mengi tunayodhani tunayaona kwa jicho, kwa kweli tunayaamua kwa akili, ila uamuzi wenyewe hupita upesi mno hata hatutambui kwamba tumeamua. Katika karne ya 19 Mjerumani Hermann von Helmholtz akasema karibu yaleyale. Kwa hiyo milango ya fahamu haituletei dunia iliyokwisha kupangwa. Inaleta mwanga, mitetemo ya sauti, mguso, harufu na ladha, na akili ndiyo inayosema hiki ni kikombe, yule ni fulani.

Na kazi hiyo tunajifunza. Mwaka 1688 William Molyneux wa Ireland alimwandikia mwanafalsafa Mwingereza John Locke swali: mtu aliyezaliwa kipofu, anayeutambua mchemraba na tufe kwa kupapasa, akipata kuona leo, atavitofautisha kwa macho tu? Jibu la majaribio lilisubiri hadi mwaka 2011, watafiti walipochapisha habari za watoto wachache nchini India waliozaliwa hawaoni, wakatibiwa macho na kuona wakiwa wameshakua. Siku za mwanzo baada ya upasuaji waliweza kulinganisha vitu kwa macho, na waliweza kuvilinganisha kwa mikono, lakini kitu walichokishika bila kukiona hawakuweza kukitambua kwa macho. Baada ya siku chache tu za kuona, wakaanza kuweza. Nikiyafikiria hayo huwakumbuka watoto wachanga: ule utulivu wao wa kukodolea macho kila kitu, kumbe wako kazini.

Sasa nije kwa rafiki yako. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu video ya vijana wakipasiana mpira, wakawaambia wahesabu pasi za timu moja. Katikati ya mchezo akapita mtu aliyevaa vazi la gorila, akasimama, akajipiga kifua, akaondoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona kabisa. Utasema wale hawakuwa mabingwa wa kutazama. Haya, mwaka 2013 watafiti wengine waliweka picha ya gorila ndani ya picha za mapafu, wakawapa madaktari 24 wa radiolojia watafute vivimbe. Gorila yule alikuwa mkubwa mara 48 kuliko kivimbe cha kawaida. Madaktari 20 hawakumwona. Mashine iliyofuatilia macho yao ilionyesha kwamba wengi wa hao 20 macho yao yalitua palepale alipokuwa gorila.

Soma tena sentensi hiyo, mwanangu. Macho yalifika, mwanga uliingia, na bado mtu hakuona, kwa sababu akili ilikuwa inatafuta kitu kingine. Haiwezi kushughulikia kila kinachoingia, hivyo huchagua. Rafiki yako umesema alikuwa anatoka kwenye mtihani. Sijui kichwani mwake mlikuwa na nini saa ile, wala wewe hujui.

Na kuna upande wako pia. Umeandika, "Niliiona dharau usoni mwake." Ulichokiona ni macho yaliyoelekea kwako, mdomo uliofungwa, na shingo iliyogeuka. Dharau uliiongeza wewe, kama ubongo ulivyouongeza mstari pale penye doti. Sikulaumu, ndivyo tulivyoumbwa sote. Uso uliotulia unaweza kusomwa kuwa wa huzuni, wa hasira au wa kuchoka, kutegemea anayeusoma ametoka wapi na anatarajia nini.

Haitatosha kuyajua haya ili picha ile ikutoke kichwani. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba ukisikilizishwa sauti ya "ba" huku ukitazama mdomo unaotamka "ga", watu wengi husikia "da". Hata ukiambiwa siri yake, ukifumbua macho utaendelea kusikia "da". Ukiyafumba, "ba" hurudi. Kwa hiyo usingoje moyo upoe kwanza ndipo umtafute. Ukiikumbuka siku ile, sura yake huenda ikazidi kuonekana ya dharau.

Mtafute wiki hii. Usimwulize kwa nini alikupuuza, kwani swali hilo tayari limeshamhukumu. Mwulize siku ile alipotoka kwenye mtihani alikuwa anawaza nini, na kama anakumbuka kupita pale uliposimama. Kisha umsikilize. Akikwambia alikuona na akaamua kukupita, basi hapo mtakuwa na jambo la kuzungumza, nami nitakuwa upande wako. Akisema hakukuona, mwonyeshe lile jaribio la doti na mstari, mlifanye pamoja, halafu uniandikie alisemaje.

Nakupenda sana.

Mama yako